Simu Nzito ya Nasrin

Wapo watu wakibanwa husema inshallah, na wapo wanaosema tutaongea. Nasrin, fundi cherehani wa Msamala, Songea, alikuwa na la kwake: simu yangu nzito. Mteja akilalamika kwamba alituma picha ya mshono tangu juzi, simu nzito. Wifi yake akiuliza mbona hakujibu mwaliko wa harusi, simu nzito. Ubaya wake, au uzuri wake, ni kwamba haukuwa uongo. Simu ile ukiigusa leo ilikujibu kesho. Ungeweza kufungua picha, ukatunga uzi kwenye sindano, ukashona pindo la sketi nzima, ukarudi ukaikuta bado inazungusha kale kaduara kake.

Kwa mwingine ingekuwa kero tupu. Kwa Nasrin, tangu mwezi wa tano, ilikuwa maficho. Alijua anajificha, na kujua huko ndiko kulikomfanya asikae kitako mahali pamoja kwa dakika kumi.

Jambo lenyewe lilikuwa shamba. Marehemu baba yao aliacha mikorosho huko Tunduru, upande wa Muhuwesi, na katikati ya mikorosho nyumba ya matofali ya kuchoma alimobaki mama yao, Bi Mwanahawa. Watoto walikuwa watatu. Hassani, mkubwa, alikaa kijijini hapohapo na ndiye msimamizi wa mirathi. Nasrin, wa kati, aliolewa Songea. Abdulatifu, kitinda mimba, alihangaika na biashara Tunduru mjini. Siku ya arobaini ya baba yao, mbele ya shehe na wazee, waliahidiana neno moja: hakiuzwi kitu cha marehemu mpaka kila mtoto atamke mwenyewe kwamba amekubali. Mmoja akikaa kimya, shamba linakaa.

Sasa Abdulatifu alikuwa amepata mnunuzi, tena mnunuzi wa kuchukua vyote, mikorosho na nyumba. Mama angehamia kwake mjini, chumba cha uani chenye umeme na maji karibu. Hassani alisema yeye hana neno, anafuata watakalosema wadogo zake. Baada ya kusema hivyo akawa kila baada ya siku mbili tatu anaandika kwenye grupu la familia, lililokuwa na wao watatu tu: Nasrin, tunasubiri kauli yako. Nasrin, siku zinakwenda. Nasrin, mwenzio ana haraka.

Nasrin hakutaka. Tuseme wazi, maana yeye mwenyewe hakuweza kusema. Hakutaka kumwona mama yake, aliyekuwa akiamka alfajiri miaka arobaini kwenda kuiangalia mikorosho yake mti mmoja mmoja kama wagonjwa wa wodini, akakae chumba cha uani kusikiliza redio ya jirani. Lakini kumkatalia Abdulatifu kulimshinda. Alimbeba mgongoni tangu yeye mwenyewe akiwa na miaka minane, mwaka mama alipolazwa muda mrefu. Sasa Abdulatifu alikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu, biashara mbili zimemfia mikononi, na hii ya kuuza pembejeo ndiyo aliyoiona kuwa nafasi yake ya mwisho. Kumwambia hapana ilikuwa kama kumshusha mgongoni katikati ya mto. Na Nasrin alijua watakachosema watu: wewe umeolewa, unakula kwako, shamba linakuwasha nini? Basi miezi miwili yote alijibu kwa njia ileile, tena kwa kuchelewa ili ithibitike. Samahani, nimeona leo, simu yangu nzito.

Tena simu ile ilikuwa imemzoesha tabia moja ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Neno gumu likimkaa moyoni, aliliandika, akalibonyeza liende. Halikwenda. Lilikaa pale chini na kisaa kidogo pembeni, simu imeganda, dakika mbili, tatu, siku nyingine tano. Katika dakika hizo Nasrin aliusikiliza moyo wake kana kwamba neno limeshafika. Ukitulia, aliliacha liende. Ukimuuma, alilifuta kabla halijavuka mlango. Ndivyo alivyomwandikia mwenye fremu yake ya kushonea kwamba ni mnyang'anyi, mara nne, na mwenye fremu hajui mpaka leo. Kwenye grupu la familia ameshaandika "Sikubali" mara sita, na mara sita amelifuta. "Nimekubali" hakuwahi kulijaribu.

Jumatano moja ya mwezi wa saba, na Songea mwezi huo ukitoka nje bila sweta unajitafutia maneno, alikuja mwalimu Leticia kuchagua mshono wa sare za kwaya ya parokia. Watu thelathini. Nasrin alifuta kiti, akamkaribisha, akafungua simu amwonyeshe picha. Simu ikaganda kwenye ya kwanza. Leticia alivumilia, akajifunika mtandio vizuri, akaangalia saa, akaangalia barabara, akasema basi atapita baadaye. Nasrin alimtazama akivuka barabara moja kwa moja mpaka kwa fundi wa ng'ambo, ambaye picha zake zilikuwa zinateleza chini ya kidole kama kambale.

Notburga, aliyekuwa akiuza mboga kwenye kibaraza hichohicho, aliona yote. Yeye Mngoni, Nasrin Myao, na utani wao haukuwa na likizo.

"Mtani," alisema, "leo hiyo simu imemeza kwaya nzima, na mpiga kinanda."

Alipomaliza kucheka akaanza kumsema. Akamwambia ya kwake nayo ilikuwa hivyohivyo mpaka alipoipeleka kwa Muhsini, fundi simu wa karibu na stendi, akaiapdeti, na sasa inakwenda mpaka anaiogopa. Wala hakubadilisha kitu ndani, alisema, ni kuiwekea mfumo mpya tu, ule ambao simu yenyewe huwa inauomba. Nasrin alisema ataangalia. Notburga akamwambia hilo la kuangalia amekuwa akilisema tangu mvua za masika, na kwamba fundi asiyeweza kuonyesha picha aende akalime.

Neno lilimwingia. Nasrin alikunja kitambaa, akafunga fremu, akaenda kwa miguu, mbiombio, kichwani kuna kwaya tu. Tunduru haikumpitia akilini. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alizaliwa kati ya Msamala na stendi, mama yake akiwaza kola na vifungo.

Muhsini aliipokea simu, akaipindua, akaipapasa kama bwana mifugo anayempima ndama. Akasema haijafa wala haijazeeka, imechoka na mfumo wa zamani. Akamwonyesha: toleo jipya lilikuwa limekaa humo likisubiri ruhusa karibu mwaka mzima, na kila lilipoomba, mwenye simu alibonyeza "Baadaye".

"Umebonyeza mara ngapi, mama?" aliuliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza dawa zililiwa au hazikuliwa.

Nasrin hakuwa na hesabu yake. Muhsini akaiunga kwenye intaneti ya dukani, akaichomeka umeme, akasema ni saa moja na nusu na isizimwe katikati, ikizimwa katikati itakuwa kipande cha kioo. Nasrin alikaa kwenye benchi. Akasimama. Akaenda kutazama kanga kwenye duka la pili ambazo hakuwa na nia ya kununua, akarudi. Mstari wa kijani ulikuwa umefika nusu. Alikaa tena, mguu mmoja ukikanyaga sakafu juu chini, juu chini, kama uko kwenye cherehani. Hakujua kwa nini roho ilikuwa juu juu. Alijiambia ni kwaya.

Simu ilipowaka, iliwaka kama ya mtu mwingine. Aligusa, ikafunguka. Akagusa kwingine, ikafunguka kabla hajainua kidole. Muhsini alieleza kwa fahari, kana kwamba mfumo ule ameutunga yeye, kwamba toleo hili linapanga kazi za simu upya, linazifunga zile zinazojificha nyuma na kula nguvu, ndiyo maana maandishi hayabaki nyuma ya vidole na picha hazigandi. Nasrin alipitisha picha arobaini za mishono bila hata moja kukwama. Akiwa palepale kwenye benchi alimtumia Leticia sita nzuri. Hazijapita dakika mbili Leticia akajibu kwamba ile ya tatu imempendeza, na kwamba wa ng'ambo bei yake kali. Kwaya ikawa imerudi. Nasrin alicheka mwenyewe barabarani, akanunua maandazi, moja akamletea Notburga kama kodi ya utani.

Alikuwa hajamaliza la kwake simu ilipoanza kulia. Alifungua grupu la familia kwa mazoea, akijua kwamba litachukua muda kufunguka na atapata nafasi ya kuamua kama kweli anataka kulifungua. Halikumpa nafasi. Likafunguka lote, meseji za wiki nzima zikajipanga, na huko Tunduru tiki za Abdulatifu, ambazo siku zote hizo zilikuwa za kijivu kwa sababu ya mtu mmoja tu, zikageuka bluu kwa pamoja.

"Dada," Abdulatifu aliandika papo hapo, "naona bluu. Leo usiniambie simu."

Nasrin aliiweka simu kifudifudi juu ya meza ya cherehani. Akashona mshono mmoja. Ukaenda kombo. Akaufumua. Simu ikalia tena, safari hii ujumbe wa sauti. Alivaa hedifoni ili Notburga asisikie. Abdulatifu alikuwa akiongea taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomuumiza. Alisema mnunuzi amempa mpaka Ijumaa. Alisema hamlazimishi mtu, Mungu shahidi, ila amechoka kuwa mtu wa kuombewa subira kila anakokwenda. Mwishoni akasema anamwomba kama alivyokuwa akimwomba zamani, wakati akichoka kutembea.

Nasrin alisimama, akaenda mlangoni, akarudi. Akachukua simu, akaiweka, akaichukua. Notburga alimuuliza kama amekalia sindano. Alisema hapana. Kifuani palikuwa na kitu kizito, nusu huruma nusu hasira, na akaona hawezi kukibeba tena bila kujua kina uzito gani hasa. Basi akafanya alivyozoea. Sikubali alishalijaribu mara sita. Sasa alitaka kujua lile lingine moyo utalipokeaje. Akaandika "Nimekubali". Akabonyeza. Akafumba macho asikilize.

Moyo ulijibu haraka. Ulimkaba. Hakuhitaji hata nusu dakika kujua kwamba hapana, hapana kabisa, hata Abdulatifu alie. Akafungua macho afute.

Kisaa hakikuwapo. Neno lilikuwa limekwenda, limefika, na wakati bado akitazama, tiki zake mbili zikageuka bluu. Vidole vilitafuta pa kufutia, na kabla havijapaona, Abdulatifu akawa ameshajibu: Alhamdulillah. Allah akuzidishie, dada yangu. Nimeshapiga picha ya skrini nimemtumia mnunuzi. Chini yake akapanga viganja vya kuomba dua, vingi, mpaka vikajaza kioo.

Nasrin alikaa chini. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalimwagika kwa kasi ya simu mpya. Angeweza kuandika kwamba amekosea. Angeweza kusema kweli, kwamba alikuwa akijaribu tu. Lakini mtu mzima anaelezaje kwamba huandika maneno ili ayasikie yanavyouma, halafu huyafuta? Nani angemwelewa? Abdulatifu, aliyekwisha kumshukuru Mungu? Alingoja Hassani aandike chochote. Hassani, aliyekuwa akimsukuma miezi miwili, alisoma na hakuandika hata nukta.

Siku hiyo hakushona kitu kingine cha maana. Mumewe, Jumanne, dereva wa malori ya makaa ya mawe, alikuwa safarini, na alipompigia aliongea naye mambo ya kwaya tu. Alipika ugali akasahau mboga. Alifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Kila aliposhika simu kuandika "kaka Hassani, mimi", simu ilikuwa tayari kabla yake, imefunguka, inamtazama, na yeye ndiye akawa mzito.

Alhamisi asubuhi, ndiyo kwanza anafungua fremu, Hassani akapiga.

"Shikamoo kaka."

Hassani hakuitikia. Aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyekesha, "Nasrin, nani alikutengenezea simu?"

Alisema ni fundi mmoja wa stendi, akauliza kwani vipi.

"Nilikuwa nimeiegemea ile simu yako, mdogo wangu."

Ikamtoka yote, bila mpangilio. Kwamba yeye hakutaka shamba liuzwe hata siku moja. Kwamba asingeweza kusema, maana ndiye anayeishi jirani nalo, na angekataa, Abdulatifu na watu wote wangesema anataka kulila peke yake. Ndiyo maana akawa anamsukuma Nasrin kwenye grupu kwa sauti kubwa, ili mdogo wao aone kwamba kaka yake anajitahidi, huku akijua kwamba simu ya Songea haijibu. Funika kombe mwanaharamu apite. Alifikiri mnunuzi atachoka, atakwenda zake, na hakuna atakayekuwa amemkatalia mwenzake.

Hasira zilimpanda Nasrin mpaka masikioni. Miezi miwili alikuwa akimwogopa mtu huyu, akiziruka meseji zake kama mtu anayekwepa madimbwi, kumbe anauma na kupuliza.

"Kwa hiyo ulikuwa unanitumia mimi?"

"Nilikuwa naitumia simu yako," Hassani alisema. "Kama wewe."

Nasrin akauliza mama anasemaje. Hassani akakohoa. Akasema mama hajasema kitu. Jana jioni Abdulatifu alimpigia akamwambia Nasrin amekubali, na mama akasema sawa, akaomba kamba ya kufungia vyombo. Abdulatifu amekuja na gari baada ya swala ya alfajiri. Wamekwisha pakia.

"Mama yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko ndani ya gari. Nyuma, pamoja na vitu vyake. Kakataa kukaa mbele."

"Nipigie kwa video."

"Simu yako itaweza?"

"Itaweza, kaka. Piga."

Ikaweza. Siku zote alizozijua, video ya kutoka nyumbani ilikuwa mabakamabaka na sauti za kuzimuni. Safari hii kioo kilimwonyesha ua wa nyumbani wote, mpaka maua mapya kwenye matawi ya mikorosho nyuma ya nyumba. Kilimwonyesha gari dogo la mizigo likiunguruma. Kilimwonyesha mama yake, ambaye hakuwa amemwona tangu Idi, amekaa juu ya godoro lililokunjwa, sufuria upande huu, tenga la kuku upande ule, miguu ameinyoosha, nyumba ameipa mgongo. Alikuwa amekonda. Kwenye simu ile ilivyokuwa zamani angeweza kukonda hata nusu asimwone.

Abdulatifu alikuwa amekaa kwenye usukani, mlango wazi. Alipoona kaka yake anatembea na simu kuelekea kwenye gari, akatoa kichwa, akasalimu kwa furaha, akamwambia dada yake atazame mwenyewe, kila kitu kimefungwa vizuri, hata kuku wa mama hawakuachwa.

Notburga alikuwa ameshafika na mafungu yake ya mchicha na alikuwa akimtazama waziwazi, na safari hii Nasrin hakutafuta hedifoni.

"Abdulatifu," alisema, "zima gari unisikilize. Sikubali."

Gari halikuzimwa. Abdulatifu alidhani hakusikia vizuri, kisha akaonekana amesikia. Akasema jana ameandika mwenyewe, kila mtu ameona, mnunuzi ameshatumiwa.

"Niliandika. Mkono ulikuwa wangu, sisingizii simu. Lakini siku ya arobaini ya baba hatukuahidiana kuandika, tuliahidiana kutamka. Leo natamka, na mama ananisikia. Sikubali shamba liuzwe. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Kaka usimguse, mama usimguse. Mimi."

Abdulatifu alishuka. Uso wake ulijaa kwenye kioo, karibu mno, na Nasrin aliona jinsi midomo ilivyokuwa ikitafuta namna ya kukaa. Aliuliza miezi miwili yote alikuwa wapi na neno hilo. Aliuliza kwa nini amwache aende kwa watu, atoe ahadi, akodi gari, aje ampakie mama, ndipo aseme. Hakuinua sauti. Nasrin angependa ainue.

"Nilikuogopa," alisema. "Niliogopa kukuona hivi ulivyo sasa."

Gari likaendelea kuunguruma na kuku mmoja akalia ndani ya tenga. Hassani, aliyeshika simu, akaigeuzia nyuma ya gari, kwa mama. Hapo Nasrin alimtazama mama yake, na kitu kikamjia ambacho kilimpa aibu kuliko yote ya siku mbili hizo. Miezi miwili alikuwa akipima maneno yake, akisikiliza moyo wake, akijificha kwa ajili ya mama huyu, na simu ya mama, ile ndogo ya vitufe isiyoganda kamwe, hakuwahi kuipigia kuuliza.

"Mama," alisema. "Wewe mwenyewe unataka kuhama?"

Bi Mwanahawa alimtazama Hassani, akamtazama Abdulatifu, kisha akainamia simu mpaka paji la uso likajaa kioo.

"Swali hilo," alisema, "ndiyo kwanza nalisikia."

Alisema kila mmoja alikuja kumwambia Nasrin bado hajajibu, tunamsubiri Nasrin, Nasrin akijibu tutakuhamisha, Nasrin akikataa utabaki, mpaka akadhani pengine hiyo ndiyo sheria ya siku hizi, kwamba mama huulizwa kwa binti yake. Akasema alipoambiwa amekubali, hakulala, lakini hakutaka kumwaibisha mtoto aliyetoa neno. Kisha akasogeza tenga la kuku kwa mguu, akanyoosha mkono upande wa wanawe.

"Nishusheni."

Hassani ndiye aliyekuwa karibu, lakini alikuwa ameshika simu. Kwa muda Nasrin hakujua Abdulatifu atafanya nini. Alimwona amesimama, mkono juu ya mlango wa gari, anatazama njia ya kutokea. Kisha akazima gari, akazunguka nyuma, akafungua bodi, akamshika mama yao mikono yote miwili, akamshusha polepole mpaka miguu ikagusa ardhi. Simu hakuitazama. Akarudi akateremsha godoro, sufuria, tenga, kimoja kimoja, akavipanga barazani, akaondoka na gari tupu.

Nasrin alikata simu. Notburga hakumtania. Alimsogezea kigoda, akamwambia akae, akarudi kwenye mafungu yake ya mchicha.

Kabla ya adhuhuri simu ilitoa mlio mmoja. Abdulatifu ameondoka kwenye grupu. Nasrin aliiona taarifa sekunde ileile ilipotoka. Akamwandikia pembeni, peke yake, maneno machache, na hakuyapima wala kuyasikiliza: nisamehe mdogo wangu, njoo Songea tuongee, nitakusaidia kutafuta njia nyingine. Akabonyeza. Yakaenda.

Tiki mbili zilikuja hapohapo. Baada ya swala zikageuka bluu. Alikata vitambaa vya kwaya, thelathini, kwa vipimo alivyotumiwa na Leticia, akapanga mikono upande mmoja na migongo upande mwingine, na kila alipomaliza seti aliigusa simu. Ijumaa ikapita, na Jumamosi. Jumapili mwalimu Leticia alikuja kujaribu sare yake, akasifu kazi, akauliza kama ana mgonjwa nyumbani, maana haachi kutazama kioo. Nasrin alisema anasubiri jibu la mdogo wake wa Tunduru, ameshasoma ila bado hajajibu.

Leticia, kwa kumfariji, akasema labda simu yake nzito. Nasrin alishika futi akaendelea kumpima mabega. Simu ya Abdulatifu haikuwa nzito.